Waridi jekundu la kunukia: kabla hujalipa, kagua shingo

Kila masika wasomaji wa Arusha na Moshi hunitumia lalamiko lile lile: "Dada, waridi langu linanukia vizuri, lakini likichanua tu linainama." Halafu wanauliza wapulizie dawa gani. Hakuna dawa. Hiyo ni shingo, na ilikuwa hivyo hivyo siku unanunua.

Rangi na harufu sizigusi, macho na pua unavyo. Shingo ndiyo haikaguliwi. Ni kile kipande cha kikonyo kilicho chini ya ua, kabla hujafika jani la kwanza. Mawaridi haya makubwa ya haibridi ti (kundi la mawaridi yenye ua kubwa juu ya kikonyo kirefu) yanabeba petali 30 na zaidi. Mvua ikinyesha usiku zinajaa maji, shingo nyembamba inalala, ua halikauki, ukungu wa kijivu unaingia, na asubuhi unaokota uozo wa kahawia.

Kwa hiyo kitaluni chagua mche wenye ua lililofunguka nusu. Chota maji kwa kiganja, limwagie, kisha piga stori na muuzaji kidogo. Likiinama, rudisha pochi. Muulize pia anatia mbolea gani, maana urea ikizidi vikonyo hurefuka haraka na kubaki laini, na hata aina nzuri itaonekana mbovu. Mche usio na ua hata moja, mwachie mwenyewe.

Katika orodha yangu ya aina, namba moja ni Mister Lincoln, na sifichi kwamba nalipendelea. Swim na Weeks, wazalishaji wa mawaridi wa California, walilitoa mwaka 1964. Kikonyo kirefu, kimenyooka, na ua linasimama wima hata mvua ya Aprili ikimwagika. Harufu yake inakupokea getini. Linaweza kufika mita 2, kwa hiyo usilibane kwenye chungu cha barazani. Likizeeka wekundu unaelekea zambarau. Wewe likate mapema uweke mezani.

La pili ni Oklahoma. Hili, Mister Lincoln na Papa Meilland ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja: wote wametoka kwa mawaridi mengine mawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin. Oklahoma ni jekundu la kukaribia weusi na linapenda joto, hivyo wa Moshi mjini mnaweza kulipa nafasi ya kwanza. Ila ua ni zito, na shingo inayumba kidogo.

Papa Meilland, la Ufaransa, 1963, kwa harufu linamshinda hata kipenzi changu. Lakini ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe! Ikifika Julai ya Arusha, baridi na mawingu ya kutwa, majani yanageuka meupe na kujikunja. Chrysler Imperial lina ugonjwa huo huo, sina la kuongeza. Crimson Glory la Kordes, mzalishaji wa Ujerumani, 1935, ndilo lenye shingo mbovu kuliko yote. Ukibahatika kupata lile linalopanda, lipandishe juu ya geti, maana hapo likiinama linakutazama wewe.

Vimiche vya bei rahisi kwenye vifuko vyeusi kando ya barabara havina jina. Siwezi kupanga kisicho na jina.

Na hapo ndipo wauzaji wanaponichosha. Ukiuliza aina, jibu ni "hii ya Uholanzi, dada". Mara nyingi ni aina za maua ya kukatwa, zilizozalishwa zidumu kwenye chombo cha maua na kuvumilia safari ya ndege. Weka pua, hamna kitu. Bei nayo inategemea umeshuka kwenye nini. Ukishuka kwenye gari lako imeshapanda. Ukishuka kwenye daladala mtaelewana. Mmoja alinitajia bei ya kutisha ya Mister Lincoln, akadai kuna mrahaba wa Marekani ndani yake. Waridi la 1964! Hataza yake, ile haki ya mzalishaji peke yake, ilishakwisha miaka mingi, yeyote anaruhusiwa kulibebesha, yaani kulipandikiza juu ya shina la waridi jingine. Nikamuuliza huo mrahaba anautuma kwa nani. Akacheka, akanipa kwa bei ya daladala.