Seti ya vipuri vya FAL na kazi ya fundi aliyeiunganisha

Nimeamua kuandika tathmini hii kwa kuwa wanunuzi wengi wa vipuri vya bunduki za masalio ya jeshi hapa Marekani huangalia bei ya seti peke yake, kisha hushtuka wanapogundua kwamba sehemu ngumu ya safari ndiyo kwanza inaanza. Seti yangu ni ya FAL, bunduki ya kampuni ya FN ya Ubelgiji iliyotumiwa na majeshi ya nchi zaidi ya 90, na nilikuwa nikiitamani kwa miaka mingi.

Vipuri vyenyewe vinastahili sifa. Vilifika vimezama katika grisi nzito ya kahawia ambayo ilinichukua jioni mbili kuitoa, na chini yake chuma kilikuwa safi, bila kutu ya kuchimba. Namba zilizogongwa kwenye bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya risasi, na kwenye kibebeo chake zililingana, jambo linaloonyesha kwamba viliishi pamoja katika bunduki moja. Kitako kilikuwa na mikwaruzo ya kambini, nami sikuwa na nia ya kuifuta.

Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinivunja moyo kwa upande wa maelezo. Risiva, yaani mwili unaobeba bolti na kupokea mtutu, ndiyo inayohesabiwa kisheria kuwa bunduki. Ile ya asili ilikatwakatwa kwa moto kabla vipuri kuingizwa nchini, kwa sababu ilikuwa ya silaha ya kumimina risasi mfululizo, na tangu Mei 1986 raia hawaruhusiwi kumiliki silaha mpya za aina hiyo. Anayefikiri kwamba ataviunga tena vipande hivyo kwa kuchomelea ajue anajitafutia kesi nzito. Risiva mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, hununuliwa kwa muuza silaha mwenye leseni, kwa kujaza fomu 4473 na kukaguliwa rekodi zako kama unavyonunua bunduki nyingine yoyote. Mtutu nao haukuwemo, kwa kuwa tangu 2005 ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, imezuia uingizaji wa mitutu ya seti za namna hii. Hayo yote ilinibidi niyajue kwa kuuliza kwingine.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hesabu ya vipuri. Kifungu cha 922(r) cha sheria ya silaha ya serikali kuu kinakataza kuunganisha, kwa vipuri vya nje, bunduki inayofanana na zile zilizopigwa marufuku kuingizwa nchini. Kanuni zake zinataja vipuri 20, na katika hivyo visizidi 10 vya kigeni. Kwa hiyo nyundo, kifyatulio, mtutu na vingine kadhaa ilibidi viwe vya Marekani. Magazini peke yake huhesabiwa kama vipuri vitatu: kasha, kisukumio cha risasi na kifuniko cha chini. Mtu akikamilisha hesabu yake kwa magazini ya Marekani, kisha siku moja akachomeka ya kigeni, hesabu huharibika bila yeye kugusa bisibisi. Muuzaji alinitupia magazini moja ya kigeni kama zawadi, bila neno lolote la tahadhari; tena ilikuwa ya muundo wa inchi wa Waingereza, ilhali seti yangu ni ya muundo wa metriki, na nundu yake ya mbele haikukubali kuingia.

Kuunganisha nilimwachia fundi mwenye leseni, na huduma yake naipa alama zote. Kabla ya kugusa chochote aliandika orodha ya vipuri vyote, akaweka alama mbele ya kila kimoja cha Marekani, akanikabidhi nakala niihifadhi pamoja na risiti. Mtutu ulipokwisha kufungwa alinionyesha geji zake, yaani vipande vya chuma vya kupimia nafasi kati ya bolti na ganda la risasi: bolti ilijifunga juu ya ile ya kwanza na ikakataa kujifunga juu ya ya pili iliyo ndefu zaidi, kama inavyotakiwa. Nafasi hiyo ikizidi, ganda laweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji, na hakuna jicho linaloweza kuipima kwa kukisia. Vipimo vya bunduki ya zamani havimlindi mtu, maana risiva na mtutu vyote ni vipya.

Gharama ya risiva, mtutu, vipuri vya Marekani na fundi ilizidi bei ya seti kwa mbali, na baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yana masharti yake makali zaidi juu ya hayo ya serikali kuu. Seti ningeinunua tena. Muuzaji yule nisingemrudia, na fundi ningemtafuta kabla ya kulipia kipuri cha kwanza.