Eti "si ungesubiri, kaka?"

Ndivyo alivyoniambia kijana wa dawati la huduma, laptopu yangu kaishika kwa vidole viwili kama kiatu cha kuokota. Sikwenda pale kutaka ushauri wa kununua. Nilikwenda kwa sababu tundu la chaji limelegea: nisipoukunja waya kuelekea kushoto na kuuegemeza kwenye kitabu, umeme hauingii. Na mashine yenyewe haijatimiza mwaka.

Kampuni hii, jina lake naliacha, ndani ya mwaka mmoja imetoa laptopu ile ile mara tatu. Ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa mwaka, nami nikaikimbilia. Katikati ya mwaka ikaja nyingine, jina lile lile limeongezwa herufi moja mwishoni, na sikuona kilichobadilika zaidi ya rangi. Ya tatu ikatoka juzijuzi tu. Hiyo ndiyo iliyonipandisha damu.

Fundi mmoja alinifungulia zote mbili, yangu na hiyo ya tatu, akaziweka sambamba. Kwenye ya tatu, tundu la chaji limekaa kwenye bodi ndogo yake peke yake, imefungwa kwa skrubu mbili na utepe mwembamba wa waya. Likifa, unafungua, unabadilisha, umemaliza. Kwenye yangu limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, pamoja na prosesa, memori na kila kitu. Yaani sehemu inayosukumwa na kuvutwa kila siku wameipachika kwenye kipande cha gharama kuliko vyote! Kubadilisha tundu, kwao, maana yake ni kubadilisha bodi nzima.

Memori kuchomelewa naielewa. Zile memori zinazokula umeme kidogo zinataka kukaa karibu sana na prosesa, na mashine nyembamba ina mipaka yake. Lakini tundu? Kampuni ya Framework wanauza tangu 2021 laptopu ambayo matundu yake mtumiaji anayachomoa na kuyabadilisha kwa mkono. Na hawa wenyewe wamelitenganisha kwenye toleo la tatu. Kama hawakujua kwamba la kwanza lina kasoro, walilitenganisha kwa sababu gani?

Nilimuuliza kijana swali hilo hilo. Akasema waranti haihusiki na "uharibifu wa matumizi". Matumizi gani? Tundu la aina ya USB-C, kama hili langu la chaji, linatakiwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Hata ningechomeka chaja mara kumi kwa siku, ingenichukua zaidi ya miaka miwili na nusu kufika huko. Nikamwambia hivyo, kwa utulivu kabisa. Akatazama skrini yake, akaniambia toleo jipya halina shida hiyo, kisha ndipo akalitoa lile neno lake: si ungesubiri?

Ningesubirije kitu ambacho hamkuwa mmekitangaza? Mteja wa kwanza ndiye aliyewaamini kabla mtu mwingine hajaandika hata mstari kuhusu mashine yenu. Leo ndiye anayeambiwa alikuwa na haraka.

Nilipanga kutoa nyota moja. Lakini siwezi kusema uongo: kibodi cha mashine hii ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandikia, na skrini haichoshi macho hata nikikaa nayo hadi usiku wa manane. Kamera ni mbovu, hainisumbui. Betri iko imara. Haya yote nayaandika juu yake, kitabu kikiwa pale pale chini ya waya. Waliobuni kibodi hiki wanastahili nyota nne, na kwa ajili yao nilishaziandika.

Kisha asubuhi ya leo simu ikalia. Ujumbe kutoka kwao: ndugu mteja wetu mpendwa, jipatie toleo jipya, lete la zamani upunguziwe. La zamani! Zile nyota nne nimezifuta, imebaki moja.

Wiki ijayo naipeleka kwa yule fundi alichomoe tundu na kuchomelea jipya. Kanionya kwamba akiifungua kwa kazi hiyo, waranti imekufa. Nimemwambia aifungue.