Siku tatu kwenye changarawe, kutoka Mazamet hadi Bédarieux: uzoefu wangu

Mdogo wangu alikuja kunitembelea Toulouse mwezi wa kumi. Kwao kazini ni Shinyanga, na kwa miaka minne alibeba abiria kwa baiskeli, ile tunayoiita daladala. Nilipomuuliza anataka kuona nini Ufaransa, alinijibu bila kufikiri: "Dada, Paris nitaiona kwenye picha. Nipeleke mahali ninapoweza kuendesha."

Nikampeleka PassaPaïs. Ni njia ya karibu kilomita 80 kati ya Mazamet na Bédarieux, kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya Haut-Languedoc. Zamani ilikuwa reli. Treni ziliposimama, mataruma yaling'olewa, pakamwagwa mawe madogo na kushindiliwa, na magari yakapigwa marufuku. Wafaransa huziita njia za aina hii voie verte, njia ya kijani, na wanazo nyingi. Nimeshaendesha kadhaa. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba njia ya treni haipandi mlima kwa pupa. Waliojenga reli hii walipasua vilima, wakavuka mabonde kwa madaraja ya mawe, na palipowashinda wakachimba handaki. Kazi yao ndiyo inayokupumzisha mapafu leo. Kutoka Mazamet unapanda taratibu kwa zaidi ya kilomita 20, na usipotazama mto unaotiririka kinyume chako hutajua kwamba unapanda.

Baiskeli tulikodi, za changarawe, tairi za milimita 40, euro 32 kwa siku kila moja pamoja na mabegi ya pembeni. Baiskeli zenyewe zilikuwa safi, gia laini, breki za diski zinazokamata hata kwenye unyevu. Lakini keria ya kwangu ilifungwa kwa haraka, na kabla ya saa sita mchana skrubu moja ilikuwa imeshadondoka. Mdogo wangu aliifunga kwa kamba ya kiatu, ikatufikisha mwisho. Niliporudisha baiskeli niliwaeleza, wakaomba radhi, hawakupunguza hata senti, na hilo liliniuma. Kabla hujaondoka dukani, shika kila skrubu kwa mkono wako mwenyewe na uombe ufunguo wake uubebe.

Mazamet ilitajirika kwa ngozi za kondoo. Meli zilizileta kutoka Argentina na Australia, hapa zikatenganishwa na sufu, na majumba ya matajiri wa biashara ile bado yamesimama mjini. Kijiji cha kale, Hautpoul, kimekaa juu ya mwamba nyuma ya mji. Tulikipanda kwa miguu tukavuka daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 2018: urefu mita 140, na chini yako korongo la mita 70. Mwaka 1212 kamanda Simon de Montfort alikizingira na kukiteka kijiji hiki katika vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi. Nyumba za mawe zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na mdogo wangu akasema ni kama Mji Mkongwe wa Zanzibar uliopandishwa mlimani. Nadhani aliona sawa.

Halafu tukaingia njiani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tulikuwa tumepita Saint-Amans-Soult na Lacabarède, miti imefunika njia juu kama paa, majani ya manjano chini, sauti pekee ni ile ya tairi kukanyaga mawe madogo. Mdogo wangu alikuwa mbele, kimya muda mrefu. Nikadhani amechoka. Akasimama, akaegemea usukani, akaniambia: "Dada, tangu asubuhi sijageuka nyuma hata mara moja."

Aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye barabara ya malori ya Mwanza anajua maana ya maneno hayo. Unaendesha huku sikio moja liko mgongoni. Ukisikia honi unaruka nje ya lami, abiria na mzigo wake pamoja. Mwili unazoea hofu ile mpaka unaisahau, kama mtu anayebeba ndoo kichwani akasahau kuwa shingo inamuuma. Njia hii iliitua ndoo. Nimeona watu wakiisifia kwa mandhari, na mandhari yapo, lakini kwangu mimi euro zangu zote zilinunua hilo: saa nzima nzima za kuendesha sambamba na ndugu yangu, tukizungumza kwa sauti ya kawaida habari za nyumbani, bila mmoja kumwambia mwenzake "kaa pembeni".

Si kwamba hakuna gari kabisa. Njia inakatiza barabara ndogo mara kwa mara, na kila makutano yana vizuizi vya kukulazimisha kupunguza mwendo. Ukiwa na mabegi mapana, pita polepole. Mimi niligonga kimoja begi likachanika.

Baada ya Labastide-Rouairoux inakuja handaki la Fenille, karibu mita 800 ndani ya mlima. Kuna taa, lakini vaa koti, baridi yake inaingia hadi mifupani. Uzuri wa handaki hili uko kwenye maji. Mvua inayonyesha upande uliotoka inaingia mto Thoré na kuishia bahari ya Atlantiki. Ukitokea upande wa pili, maji yanateremka kuingia mto Jaur na kuishia Mediterania. Hata hewa hubadilika. Tuliingia kwenye ukungu na miti mirefu ya baridi, tukatoka kwenye jua. Kuanzia hapo kwenda Saint-Pons-de-Thomières ni mteremko mpole, miguu inapumzika. Tulilala Saint-Pons, mji uliokua kando ya abasia, makao ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 936, na Jaur inachipuka humo humo mjini, chini ya mwamba. Asubuhi tulikwenda kuiangalia kabla ya chai. Maji ni ya kijani kibichi, baridi, yametulia.

Siku ya pili tuliifanya fupi kwa makusudi, hadi Olargues tu. Ni bonde la michestinati, miti ambayo njugu zake huliwa zikichomwa. Matunda yalikuwa yameanguka kila mahali, maganda yake yana miiba kama shokishoki, ila haya yanachoma kweli. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiyachoma uani kwake kwenye kikaango chenye matundu alitupa kiganja kizima. Ladha yake ipo katikati ya kiazi kitamu na korosho. Karibu na Prémian tukapata pancha, maana walikuwa wamepunguza vichaka vya pembeni na miiba imebaki njiani. Bebeni viraka na pampu, fundi hayupo karibu.

Olargues unaiona kwanza ukiwa juu ya daraja la chuma la reli: nyumba zimepanda kilima ndani ya kona ya mto, kileleni mnara uliokuwa wa ngome na sasa ni wa kengele za kanisa, na chini daraja la mawe la Zama za Kati, lenye mgongo kama ngamia, wanaloliita Daraja la Shetani. Hapa lazima niseme kasoro ya njia yenyewe. Reli ilipita nje ya vijiji, si ndani. Ukifuata changarawe tu utavipita vyote kwa pembeni, na sehemu nyingine utaendesha kati ya kuta za ardhi iliyochimbwa bila kuona chochote. Ni juu yako kuteremka, kufunga baiskeli na kupanda vichochoro kwa miguu. Pale Olargues tulitumia mchana mzima, na siujutii.

Chakula kinataka mipango. Kuanzia saa sita mchana maduka mengi yanafungwa kwa saa kadhaa, na Jumatatu mengine hayafunguki kabisa. Siku ya tatu tuliishi kwa mkate, jibini na zabibu.

Siku hiyo Jaur inaingia mto Orb karibu na Tarassac, mlima Caroux umesimama kushoto kama ukuta, mashamba ya mizabibu yanaanza. Kutoka Mons-la-Trivalle tuliacha njia kwenda makorongo ya Héric, tukatia miguu majini. Baada ya Lamalou-les-Bains watembea kwa miguu ni wengi, watoto na mbwa pia; piga kengele mapema na usalimie, kila mtu atakuitikia "bonjour".

Kama unakwenda, anzia Mazamet. Treni kutoka Toulouse inafika huko bila kubadilisha, baiskeli unapanda nayo, na ukishavuka handaki sehemu kubwa iliyobaki ni kuteremka. Ugumu ni kurudi: treni za Bédarieux kwenda Béziers ni chache kwa siku, kwa hiyo tazama ratiba kabla ya kuweka nafasi ya kulala. Sisi tuliikosa moja kwa dakika tano, tukasubiri hadi jioni kwenye benchi la stesheni. Mdogo wangu alitumia muda ule kuifungua keria yangu na kuifunga upya kwa skrubu aliyoiokota njiani.