Noah ya kukodi Dodoma hadi Mtera, nikiwa na mama: uzoefu wangu

Nilikodi Noah pamoja na dereva wake kwa siku moja, Jumamosi ya Agosti, laki moja na nusu, mafuta juu yangu. Tangazo lilisema "matembezi ya vijiji vya kando ya mto". Nianze na huo mto, maana najua mtauliza. Ugogo, yaani huku kwa Wagogo, mwezi wa nane kuna makorongo ya mchanga tu. Kila daraja tulilopita kabla ya Fufu, chini yake mbuzi wanakatiza kwa miguu mikavu. Ukitaka kuona maji yakishuka nenda masika, au vumilia mpaka bwawa la Mtera kwenyewe.

Sikwenda kwa ajili ya maji lakini. Mama alitaka kuona kwao.

Tulipatana saa moja asubuhi, gari likafika saa mbili na robo. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza joto, na spea haikuwa na upepo, tukalazimika kusimama Mpunguzi kuijaza. Hapo sikulalamika sana, kwa sababu ulikuwa msimu wa zabibu (Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka) na mama alishashuka kuchagua kwenye ndoo za akina mama wa barabarani, anaonja moja moja kama mkaguzi.

Sasa dereva. Kijana wa miaka thelathini hivi, kimya tangu mjini. Mama aliporudi kwenye kiti na zabibu zake, dereva akageuka akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama." Mama akaitika "Mbukwa!" kwa sauti ambayo sijaisikia Dar es Salaam miaka yote. Kuanzia pale mimi nilikuwa abiria tu. Walikwenda kwa Kigogo hadi Mlowa Barabarani, ukoo kwa ukoo, mpaka wakapata shangazi mmoja wanayemjua wote wawili.

Dereva ndiye aliyeuliza kama tunataka kufika kwao mama kwenyewe, siyo kijijini. Maana kijiji kilichopo barabarani leo, nyumba zimejipanga mstari, ni cha Operesheni Dodoma, miaka ya 1970 na 1971, baada ya ukame, watu walipokusanywa pamoja. Kwao mama kulikuwa ndani zaidi, ukingoni mwa korongo. Tuliacha lami tukaingia njia ya ng'ombe, tukauliza mara tatu, mzee mmoja akapanda mbele kutuelekeza.

Hakuna nyumba. Kuna mbuyu, na mahali ambapo tembe ilikuwepo pamebaki mwinuko wa udongo mwekundu, kama kichuguu kilichokanyagwa. Mama alizunguka akituonyesha: hapa mlango, hapa zizi, hapa ghala la uwele. Halafu akateremka korongoni. Kulikuwa na wasichana wawili wamefukua kisima kwenye mchanga, kina cha kifua, wanachota kwa kibuyu kilichokatwa na kumimina kwenye dumu polepole ili tope lisipande. Mama akavua viatu, akapiga magoti, akaomba kibuyu. Akanywa. Mimi nilikuwa na katoni nzima ya maji ya chupa garini.

Baada ya pale safari ikawa ya kawaida. Mlima wa Fufu una kona kali na dereva alizishuka kwa gia, hakung'ang'ania breki. Joto linaongezeka kadiri unavyoshuka. Mtera maji yapo, mengi, bahari kabisa kwa mtu aliyetoka kwenye mchanga. Bwawa hili linakinga Ruaha Mkuu, lina mitambo yake ya umeme ya megawati 80, na ndilo linalotunza maji ya kituo cha umeme cha Kidatu huko chini. Kwenye tuta dereva alituambia simu ziwe mfukoni, hapapigwi picha. Mbele kidogo wauza samaki walizingira madirisha na masinia. Perege wa kukaanga, wa moto, chumvi na ndimu. Kula pale pale. Ukisubiri kufika mjini wanakuwa ngozi.

Tulirudi saa mbili usiku. Tajiri wa gari akamulika tochi kwenye kapeti, akaona mchanga, akasema tumetoka nje ya lami, kwa hiyo elfu thelathini zaidi. Hilo hakunitajia wakati wa kupatana, na lami peke yake isingetufikisha popote tulipokuwa tunakwenda. Nililipa kwa sababu mama alikuwa amelala. Wewe mwambie mapema kwamba mtaingia vijijini, mkubaliane bei, na umtake dereva mwenyeji. Bila yule kijana ningekuwa nimelipia kuona barabara ya Iringa.

Tajiri alipomaliza kuhesabu hela, dereva akatoa kifurushi cha gazeti chini ya kiti na kumpa. Perege wawili, mama alikuwa amemnunulia.