Kisanduku cha Kitabu cha Ufaransa: Vifaa Safi, Picha za Ovyo

Haya, karibuni tena mezani. Leo nina kile kisanduku ambacho wengi mmekuwa mkiniuliza: seti ya kugeuza kitabu cha zamani kiwe kitabu cha sanaa, na mada yake ni Ufaransa, utamaduni na historia yake. Jina la watengenezaji silitaji. Hawajanilipa, na ninayotaka kuyasema mengine hawatayapenda.

Kwa mgeni wa shughuli hii, iko hivi. Unachukua kitabu cha jalada gumu ambacho hakina msomaji tena. Kurasa nyingine unakata, nyingine unazigandisha pamoja ziwe nene, unapaka rangi, unatoboa madirisha, unabandika. Kinabaki kitabu, kinafunguka na kufungwa, ila ndani kimekuwa kitu kingine kabisa. Mimi nimetumia kitabu cha sheria cha mtumba, nimekipata kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta, sentimita 20 kwa 28 hivi. Ukienda kutafuta cha kwako, kabla hujalipa kifungue katikati uchungulie kwenye mkunjo. Ukiona uzi, chukua. Ukiona gundi tupu, rudisha, maana kitapasuka mgongo siku ya kwanza tu utakapokilaza wazi.

Tuanze na vifaa, kwa sababu hapo sina ubishi nao. Huu mfupa wa kukunjia ni mfupa kweli, si plastiki. Sikilizeni unavyopita kwenye karatasi... mmeona mkunjo ulivyonyooka? Pini za shaba za miguu miwili ni imara, nimezikunja na kuzikunjua na hazijakatika. Kisu kina makali, lakini rula ya chuma hawakuweka, itabidi ujinunulie. Ukikatia rula ya plastiki utaila yenyewe. Jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia, ni nzito mno. Ipunguze kwa maji, paka mara mbili nyepesi nyepesi. Ukipaka nzito mara moja, ukurasa unajikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

Gundi ndiyo yenye maneno. Waliyoweka ni gundi nyeupe ya PVA, jamaa ya ile ya mafundi seremala, ila hii ni laini zaidi na ikikauka inapinda pamoja na karatasi. Nimeipenda. Gundi ya kijiti msihangaike nayo, kwa joto la Dar ncha zinaanza kunyanyuka. Kuna watakaoniambia nitumie uji wa ngano, kwamba wafungaji vitabu wa Ulaya wameutumia karne na karne. Kweli, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuulowesha ukabandua ulichokosea. Lakini kwetu huku pwani, mende na wale wadudu wa kabatini watakushukuru kwa chakula.

Kijitabu cha maelekezo kimeruka jambo la msingi. Kurasa za kitabu cha uzi ni mapacha: karatasi moja imekunjwa, nusu iko huku na nusu iko kule. Ukikata ukurasa hadi kwenye uzi, pacha wake analegea na siku moja anadondoka. Kwa hiyo acha ulimi wa sentimita moja na nusu, hivi. Na usipokata kabisa, utakavyobandika vitajaza kitabu kitanuke mdomo kisifungike. Mimi natoa jani moja katika kila matatu.

Sasa picha. Jamani. Nusu ya bei ya kisanduku iko kwenye lundo hili la karatasi zilizochapwa, na ni Paris, Paris, Paris: mnara, mkate, kikombe cha kahawa, paka dirishani. Hapo ningesamehe, kila mtu na anachopenda. Lakini tazama hii ya Bastille, ngome ya gereza mjini Paris iliyovamiwa na wananchi mwanzoni mwa Mapinduzi ya Ufaransa, 14 Julai 1789. Juu ya ngome inapepea bendera ya mistari mitatu ya wima, buluu, nyeupe na nyekundu. Bendera hiyo ilipitishwa mwaka 1794! Siku ile ya Bastille haikuwepo. Na hii nyingine ina Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa wakati huo, na maneno yake ya kuwaambia wenye njaa wale keki. Hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Mwandishi Rousseau alishaandika kisa hicho, akimtaja binti mfalme asiye na jina, wakati Marie Antoinette bado ni mtoto kwao Austria. Ufaransa alifika mwaka 1770. Mnara wa Eiffel nao wameuchapa mweusi tititi. Ulipofunguliwa mwaka 1889 ulikuwa wa wekundu wa kahawia, baadaye ukapakwa manjano, na hudhurungi tuliyoizoea kwenye picha ilianza mwaka 1968. Mtu anayebandika hizi kwenye kitabu cha "historia" anabandika uongo kwa gundi nzuri.

Nikaziweka kando, nikaenda kutafuta karatasi ya Kifaransa yenyewe. Na hapa ndipo nilipofaidi.

Hii ya buluu ni Canson Mi-Teintes, gramu 160 kwa mita ya mraba. Nasogeza kamera. Upande huu una vibonyeo vidogo vidogo, rangi za chaki zinashika vizuri. Geuza, upande wa pili ni laini. Sasa sikieni ilikotoka. Ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier, waliorusha puto la hewa moto mbele ya watu mjini Annonay tarehe 4 Juni 1783, walikuwa watoto wa mwenye kiwanda cha karatasi. Puto lenyewe lilikuwa kitambaa kilichobandikwa karatasi kwa ndani. Septemba 19 mwaka uleule, kule Versailles mbele ya Mfalme Louis wa 16, likapaa puto lao lingine na abiria watatu: kondoo, bata na jogoo. Wote walishuka hai, na Novemba wakapanda watu. Sasa mkwe wa Étienne aliitwa Barthélemy de Canson, naye ndiye aliyekuja kukishika kiwanda. Ndilo jina hilo mnaloliona kwenye jalada la karatasi.

Basi ukurasa wangu wa puto nimeutengeneza kwa karatasi hiyohiyo. Vuta ulimi huu wa pembeni... kapu linapanda. Kondoo nimemchora mwenyewe, msicheke.

Kwa kurasa za rangi za maji nimetumia Arches, karatasi ya pamba tupu kutoka milima ya Vosges, ambako kiwanda chao kinajihesabia umri tangu 1492. Chukueni ya gramu 185. Ile ya 300 ni nzuri lakini kitabu kitakataa kufungwa. Karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ukiigawa mara nane unapata majani ya 19 kwa 28, yanaingia kitabu changu bila kupunguza chochote. Bei yake inauma, sifichi. Ila nimeilowesha, nikasugua, nikafuta, na uso wake haujachakaa.

Kipande cha kitambaa cha jalada kilichomo kisandukuni kinapita. Ni pamba yenye picha za wachungaji kwa wino mwekundu, mtindo wa Jouy. Asili yake ni kiwanda cha Oberkampf, Mjerumani aliyeanzia Jouy-en-Josas mwaka 1760, mara tu baada ya Ufaransa kuondoa marufuku ya nguo za pamba za kuchapwa. Marufuku ile ilidumu tangu 1686, kwa sababu vitambaa kutoka India viliwatia kiwewe wafumaji wao. Kibandikeni kwa gundi kidogo sana, inapenya na kuacha madoa.

Ukurasa ulionichukua muda mrefu kuliko zote haumo kisandukuni hata kwa dokezo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, yaani sarafu 20 za fedha, kila mtu, wakafanye kazi Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Hii nayo ni historia ya Ufaransa, na imepita mlangoni kwetu. Kurasa zilizogandishwa nimezichimba kwa kisu shimo la mstatili, kina chake sentimita moja. Ndani yake nimepanga viduara 20 vya karatasi ya kijivu. Hesabuni, ndiyo bei ya mtu mmoja. Ukifunua jani la pili unakuta tarehe: 4 Februari 1794, Mapinduzi yanafuta utumwa, 1802, Napoleon anaurudisha, 27 Aprili 1848, unafutwa jumla. Ile ya 1794 kule Île de France haikutekelezwa, walowezi waliwafukuza maofisa walioileta.

Kwa hiyo ninunue, nisinunue? Ukiwa na mahali pa kupata mfupa, kisu, pini na gundi ya PVA kimoja kimoja, nunua hivyo, ongeza Mi-Teintes mbili tatu na Arches moja, bado utabakiwa na chenji. Picha chapisha mwenyewe. Kazi nyingi za zamani hazina tena mwenye haki, na makumbusho kadhaa ya Paris yanaruhusu kupakua bure. Kisanduku kizima nakipa tano kwa kumi, zote tano za vifaa. Kikishushwa bei nusu, nitakinunua cha pili kwa ajili ya ule mfupa na pini, na wenye ofisi za kuchapisha wakitaka zile picha waje wazichukue, ziko hapa.