Vipimajoto vya kichanga: nimejaribu vya kila aina, nikabaki na cha kwapani

Nianze na kinachopendwa na wengi, bastola ya paji la uso. Uzuri wake hauna ubishi: mtoto amelala, humgusi, unabonyeza, namba hiyo hapo. Shida ni namba yenyewe. Mwanangu akimaliza kunyonya, upande wa paji uliolalia kifua changu unasoma 37.4, namgeuza, upande wa pili 36.6. Ukipima punde tu baada ya kumvua kofia, inapanda. Akiwa na jasho, inashuka. Kifaa hicho husoma joto la ngozi tu, na ngozi ya kichanga hufuata hali ya chumba upesi mno. Mtu mzima hakosi usingizi kwa nusu digrii, lakini kichanga kwapani anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5, kwa hiyo nusu digrii inatosha kukutoa kwenye kumwongezea blanketi hadi kukimbilia hospitali.

Cha sikioni tulipewa zawadi, kiko kabatini. Tundu la sikio la kichanga ni jembamba, ncha hailengi sawasawa, na ushauri wa kawaida ni kusubiri mpaka miezi 6 hivi. Chuchu bandia yenye kipimo ndani yake ni kichekesho: inataka mtoto atulie nayo mdomoni dakika kadhaa. Wangu aliitema.

Nilichobaki nacho ni kijiti cha dijitali chenye ncha laini. Kina masharti yake, lakini. Kwapa la kichanga ni kamkunjo kadogo kanakopenda kushika maziwa yaliyochuruzika, hivyo nalikausha kwanza kwa kitambaa. Ncha naiweka katikati, isichomoze upande wa mgongoni, kisha nashusha mkono wake na kuubana ubavuni taratibu mpaka kilie. Huo mlio ndio kasoro yake kubwa, maana humwamsha mtoto uliyembembeleza saa nzima. Sijui waliokitengeneza wana watoto.

Njia ya haja kubwa ndiyo inayokaribia zaidi joto la ndani ya mwili. Nilimwona nesi akiifanya: mafuta ya mgando kwenye ncha, miguu juu, ikaingia sentimita moja na ushee, mkono wake umetulia tuli. Mtoto akirusha mateke anaweza kuumia ndani, na usiku wa manane mimi sina mkono ule. Namwachia yeye. Kwapani husoma chini kidogo kuliko huko, ndiyo maana homa huhesabiwa kuanzia 37.5 kwapani na 38 huku kwingine. Ukipiga simu kwa daktari, taja na ulikopimia.

Cha zebaki kipite mbali. Kikivunjika ni sumu, na vingi huanzia 35, kumbe kichanga hushuka joto kwa urahisi kuliko anavyopata homa. Ukinunua cha dijitali, soma kwenye boksi kinashuka mpaka wapi. Changu kinafika 32.

Kiganja nacho nakitumia, ila kwa jambo moja. Tumbo likiwa na joto na nyayo zimepoa, najua baridi imeanza kumwingia: namweka kifuani ngozi kwa ngozi, tunafunikwa wote, kisha kijiti. Kikigoma kufika 36.5, au kikisoma homa, tunakwenda hospitali, wala simpi dawa yoyote ya kushusha joto kabla hajaonwa.