Uzoefu wangu: faili la akiba la elfu kumi lililonipeleka benki kugomba bure

Mi sio mtu wa kulalamika mitandaoni ila hili limenikaba tangu Januari na mama watoto ameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo leo namwaga hapa.

Kuna kijana anauza mafaili ya spredishiti kwenye status yake ya WhatsApp, ya bajeti, ya kufuga kuku, ya duka, na hili la akiba. Elfu kumi. Nikasema elfu kumi kitu gani bana, si chipsi kuku tu hiyo. Maana hela zangu zilikuwa zimetapakaa, kuna akaunti ya ada ya watoto, kuna kidogo nimeweka fiksi benki nyingine, ile hela inayofungiwa kwa muda ikuzae riba, kuna kwenye laini ya simu, kuna kikoba cha mtaani tunachovunja Disemba, na vipande vyangu vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ukiniuliza una shilingi ngapi nilikuwa nakujibu "zipo zipo". Mtu mzima na watoto watatu, jibu lake ni zipo zipo.

Na faili lilikuwa zuri, sitasema uongo. Kila akaunti na ukurasa wake, halafu ukurasa wa mbele kijani kibichi umeandikwa JUMLA kwa herufi kubwa kama bango la mkutano. Kwenye vipande unaingiza idadi uliyonayo na bei ya kipande ya siku hiyo, lenyewe linazidisha. Nilinogewa aisee, kila jioni natoka kazini hata viatu sijavua nimeshaingia kutafuta bei mpya, imepanda kidogo sana lakini naangalia ile JUMLA inavyobadilika najiona tajiri. Kwenye fiksi lilikuwa na kasoro, linahesabu riba nzima nzima wakati ile 10% ya kodi ya zuio inakatwa kabla hata hujaiona, yaani riba ya 12,000 we unapata 10,800. Nikarekebisha mwenyewe. Hapo ndo kichwa kikavimba, nikaanza kuwatangazia watu kazini kwamba daftari ni ushamba, tena wawili nikawapa namba ya yule kijana wakanunue. Mnisamehe.

Sasa akaunti ya ada tunaitumia wote, nikamshea na mama watoto ili akitoa hela aandike kwenye simu yake. Akawa anaandika. Pembeni akaendelea na kaunta buku yake ile ya siku zote, mi nikawa namcheka.

Januari ikafika. Ada milioni moja na laki tisa, faili linasema kwenye akaunti kuna 2,310,000. Raha mustarehe. Nikasubiri mpaka siku ya mwisho kabisa kwa sababu si hela ipo, nashika simu nihamishe, salio halitoshi. Narudia. Salio halitoshi. Kuangalia salio, 1,801,400. Laki tano na kitu haipo!

Jamani nilichanganyikiwa. Wezi wa mtandaoni, mfanyakazi wa benki, wote walipita kichwani, na Mungu anisamehe hata mama watoto alipita. Nikakimbilia steshenari nikaprinti kurasa zangu tatu, moja kwa moja mpaka benki, sitaitaja. Foleni ya Januari mnaijua. Nimefika kwa dada wa huduma kwa wateja nimeshaiva, nikamwambia dada naomba unionyeshe laki tano yangu imeenda wapi, na nilisema kwa sauti maana mlinzi alisogea. Dada akaangalia karatasi zangu kama mtu aliyeletewa maandazi ya jana akasema, "Kaka, hapa tunafuata taarifa ya akaunti, hatufuati karatasi ya mtu."

Karatasi ya mtu! Ile kauli mpaka leo nikiikumbuka naona joto. Nimejaza usiku kucha miezi na miezi, we unaniita karatasi ya mtu? Nikamjibu vibaya, sitaandika hapa nilichosema, ila kuna mama mmoja nyuma yangu alisema "mwanangu taratibu".

Yule dada wala hakujibu. Akavuta kalkuleta, akachukua ile peni yao iliyofungwa kamba, akaanza kujumlisha safu yangu ya "Toa" mstari kwa mstari, kila namba anaitia tiki. Chini kabisa faili langu limeandika 640,000. Akamaliza, akaigeuza kalkuleta inielekee mimi bila kusema neno. 1,135,000. Nikasema umekosea. Akarudia. Ile ile. Tofauti 495,000. Halafu akanichorea mduara kwenye taarifa yao kwenye visenti senti vya kila mwezi na vya ATM, "na hizi 13,600 ni makato, hukuyaandika. Kuna shida nyingine kaka?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Nyumbani nikakaa na faili mpaka saa sita usiku ndo nikaona. Mama watoto alikuwa anaandika hela kama Mtanzania yeyote anavyoandika hela: 150,000/= rambirambi ya msiba wa Singida, 200,000/= fundi bati, 85,000/= hospitali ya mdogo wake, 60,000/= kitchen party ya shoga yake. Siku nyingine akiwa na haraka anaandika namba tupu. Sasa ukiweka ile mkwaju na sawasawa, ile tuliyofundishwa shule, iliyoko kwenye kila risiti na kila kibao cha bei nchi hii, kompyuta inaona hayo ni maneno, sio hela. Na ile fomula ya SUM, ya kujumlisha safu nzima, ikikutana na maneno haipigi kelele, inaruka tu kimya kimya inaendelea na safari. Kama jamaa angepanga salio litoke mstari kwa mstari, hii jumlisha hii toa hii, ingegoma pale pale na kuandika #VALUE! nami ningeshtuka siku hiyo hiyo. Yeye akaweka SUM chini, basi.

Kibaya zaidi sasa, kwa kawaida namba zinakaa kulia kwenye kiboksi na maneno yanakaa kushoto, mtu ungeona kwa macho tu hii imehama. Lakini jamaa alipanga kila kitu katikati ili ipendeze! Nilipoondoa ule upangaji wake, zile nne zikarukia kushoto zikajipanga zinanitazama.

Nikamtumia meseji yule kijana, kwa adabu kabisa, na picha. Tiki za bluu. Baada ya siku kama mbili hivi ananijibu "Mkuu hapo kosa ni la mtumiaji 😂 toleo jipya lipo elfu kumi na tano." Na kile kikatuni cha kucheka. Mi nimekopa laki moja kikoba kwa riba kumalizia ada, we unanichekea na unaniuzia tena? Hapo hapo nikasema nyota sifuri, mafaili yote ya akiba ni utapeli, rudini kwenye daftari. Hasa ukizingatia kaunta buku ya mama watoto niliyokuwa naicheka ilikuwa sawa mpaka shilingi, ukiondoa yale makato.

Ila nikitulia, nitasema ukweli, sijaacha. Nimetengeneza la kwangu, baya halina hata rangi, salio linatoka kila mstari, kuna safu ya makato, na kila mwisho wa mwezi nalinganisha na salio la benki, kitu ambacho ningekifanya tangu mwanzo yasingenikuta. Na yule dada... siku nyingine nilipita nikamkuta, nikataka kumwomba radhi nikaishia kuuliza ATM iko wapi na iko mbele yangu. Kwa hiyo faili lenyewe naweza kulipatia nyota nne. La yule kijana bado sifuri, tena ningeweza kuweka chini ya sifuri ningeweka.

Safu ya Toa nimeiwekea sharti isipokee kitu chochote zaidi ya namba. Juzi niko kazini mama watoto anapiga, "Baba, hili faili lako linanikatalia, naandika elfu sabini ya gesi linaniletea maandishi mekundu." Nikafurahi kweli, nikamwambia mama futa hiyo mkwaju, andika namba tupu. Akasema haya. Jioni nimefungua, hakuna kitu. Nikaenda kwenye kaunta buku: 70,000/= gesi, amepigia na mstari chini.